Msamiati wa Kiingereza: Tusiwape watoto orodha tu, tuwaonyeshe ukoo wa maneno

Mji wa Machakos wenyewe umebeba jina lililokosewa matamshi. Wenyeji walimjua Masaku, kiongozi na mwonaji wa Akamba wa karne ya 19, na mahali pake pakaitwa kwa jina lake. Wageni kutoka Uingereza, ambao kampuni yao ilifungua kituo hapo mwaka 1889, hawakuweza kulitamka sawasawa. Walilipinda hadi likawa Machakos, wakaliandika katika ramani na katika majalada ya utawala, na ndivyo lilivyo hata leo, ingawa wazee wengi wangali wanasema Masaku. Hakuna aliyewacheka.

Mtoto wa Kikamba naye husimama darasani, akasoma neno "rice" likasikika "lice", na darasa zima likaangua kicheko. Ameomba wali, amepewa chawa. Sababu yake ni ile ile iliyowasumbua wale wageni: lugha yake ya kwanza haina sauti r, hivyo ulimi hushika sauti iliyo jirani. Tofauti ni kwamba kosa la mgeni lilifanywa jina la mji, na kosa la mtoto hufanywa jina lake la utani hadi amalize shule.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu mafunzo ya msamiati wa Kiingereza katika shule zetu nyingi yamejengwa juu ya aibu. Mtoto hufanywa aamini kwamba lugha alizokuja nazo kutoka nyumbani ni kizuizi, na kwamba maneno ya Kiingereza ni mali ya watu wengine ambayo sharti ayakariri kwa hofu. Ukweli ni kinyume. Mwanafunzi wa Kathiani, Mwala au Masinga anayejua Kikamba na Kiswahili ana funguo mbili ambazo mwenzake wa lugha moja hana, na funguo hizo zikitumiwa, kujifunza maneno huwa mchezo wenye utamu.

Suala lenyewe si dogo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sera ya elimu, tangu Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, imependekeza kwamba katika miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Baada ya hapo Kiingereza hushika hatamu, na si katika somo la Kiingereza pekee. Asiyelielewa neno "evaporate" hajapoteza alama ya lugha tu. Amepoteza somo zima la sayansi, na pengine ataondoka darasani akidhani kwamba hana akili ya sayansi.

Njia iliyozoeleka ni orodha. Mwalimu huandika maneno 10 ubaoni Jumatatu, wanafunzi huyanakili, huyakariri, na Ijumaa huandika imla. Hebu tupige hesabu. Kwa wiki 39 hivi za masomo, maneno 10 kila wiki ni 390 kwa mwaka. Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yatumikayo zaidi katika Kiingereza. Hayo mwanafunzi mwenye bidii atayamaliza kwa miaka mitano na ushei. Lakini mtafiti Paul Nation wa New Zealand alionyesha mwaka 2006 kwamba msomaji anayetaka kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kukwamakwama anahitaji jamaa za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Kwa mwendo wa maneno 10 kwa wiki, hiyo ni safari ya zaidi ya miaka 20, na hapo tumechukulia kwamba hatasahau hata neno moja.

Tazama, hata hivyo, kwamba Nation anahesabu jamaa, wala si neno mojamoja. "Help", "helper", "helpful" na "helpless" kwake ni nyumba moja. Huko ndiko mwalimu mwenye busara huelekea.

Kabla ya hapo, sina budi kutaja mambo mawili yaliyotuharibia kazi. La kwanza ni kile kibao tulichokiita "disk". Aliyesikika akinong'ona kwa lugha ya mama alikabidhiwa, naye akakaa chonjo amnase mwenzake, na jioni aliyelala nacho aliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeaga dunia mwaka 2025, aliieleza adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni. Mimi nami niliwahi kuubeba mzigo huo. Ninachokumbuka ni kwamba siku hiyo sikujifunza neno lolote la Kiingereza, nilijifunza kunyamaza.

La pili ni maneno ya mapambo. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wanafunzi walilishwa vifungu vya kunakshi insha: kila mtu aliamka akiwa "as fit as a fiddle", kila jua lilichomoza likitabasamu, kila aliyeogopa alikuwa na vipepeo tumboni. Waulize fidla ni nini, wachache watakwambia. Sisi tunaokesha kwenye meza ya uhariri tunawajua vijana hao wakishakuwa wanahabari: huandika "utilise" mahali pa "use", na kila mkutano wao huwa "historic". Neno lililokaririwa bila kueleweka halimtoki mtu hata akipata shahada.

Orodha yenyewe ina historia ndefu Ukambani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alisafiri hadi Ukambani mwaka 1849 na kukaribishwa na Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Mwaka 1850 alichapisha huko Tübingen, Ujerumani, kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwamo, yakiwa yamepangwa sambamba na Kiingereza. Mwaka 1904 Hildegarde Hinde naye akachapisha Cambridge orodha za maneno ya Kikamba na Kikikuyu. Vitabu hivyo viliwekwa kwa faida ya mgeni aliyetaka kujifunza lugha zetu, na mgeni huyo hakuthubutu kujifunza bila kuweka lugha mpya kando ya lugha aliyoijua. Shule zilipokuja, zilichukua safu ya Kiingereza na kuzifuta zile nyingine.

Kukopa na kukopesha

Turudishe basi zile safu. Kiswahili, sawa na Kikamba na lugha nyingine za Kibantu, huzalisha maneno kwa kunyambua kitenzi. Kutoka "kula" tunapata "kulisha". Kutoka "kuona", "kuonyesha". Kutoka "kukumbuka", "kukumbusha". Ukilijua la kwanza, la pili unajitungia. Kiingereza mara nyingi hakifanyi hivyo. Pale ambapo sisi tuna mzizi mmoja na kiambishi, chenyewe huweka maneno mawili yasiyofanana: "eat" na "feed", "see" na "show", "remember" na "remind".

Makosa mengi ya wanafunzi wetu huzaliwa hapo. Yule asemaye "borrow me your pen" hajakosa akili. Kitenzi "kuazima" hubeba pande zote mbili, ya anayetoa na ya anayepokea, na "niazime kalamu" ni Kiswahili safi kabisa. Mtoto ametafsiri kwa uaminifu. Akiandikiwa alama ya kosa bila maelezo, atarudia kosa hilo hadi chuo kikuu. Akielezwa kwamba Kiingereza kina neno la mwenye kuchukua, "borrow", na neno la mwenye kutoa, "lend", na kwamba hata Kiswahili hutenganisha hivyo katika "kukopa" na "kukopesha", hatasahau tena.

Kikamba hutoa mfano mzuri hata zaidi. "Kũmanya" ni kujua. "Kũmanyĩsya" ni kumfanya mtu ajue, yaani kufundisha. "Kwĩmanyĩsya" ni kujifanya ujue, yaani kujifunza. Mzizi ni mmoja, na kwa Kiingereza unakutana na maneno matatu yasiyo na sura ya undugu: "know", "teach" na "learn". Mwalimu aliye na darasa la Akamba anaweza kuyafunza maneno hayo matatu kwa dakika mbili, na wanafunzi wakaondoka wakishangaa jinsi lugha ya nyumbani ilivyopangika vizuri kuliko ile wanayoihofia.

Mchezo wake hauhitaji hata chaki. Gawa darasa safu mbili zikitazamana. Wa safu ya kwanza anataja, "kula, eat!" Anayemkabili anajibu, "kulisha, feed!" Anayefuata anataja, "kuanguka, fall!" Mwenzake anajibu, "kuangusha!" kisha anasita, kwa maana neno la Kiingereza la kuangusha mti halimjii. Ni "fell". Hapo mwalimu anapata nafasi ya kusimulia jambo la ajabu: kwamba Kiingereza nacho, zamani za kale, kilikuwa na unyambuaji unaofanana na wetu, na mabaki yake yangalipo. "Sit" ni kuketi na "set" ni kuketisha. "Rise" ni kupanda na "raise" ni kupandisha. "Lie" ni kulala na "lay" ni kulaza, jozi ambayo huwasumbua hata Waingereza wenyewe.

Jozi niipendayo kuliko zote ni "drink" na "drench". Siku hizi wengi hulijua "drench" kwa maana ya kulowa chapachapa, lakini asili yake ni kunywesha. Asiyeamini na aingie katika duka lolote la dawa za mifugo mjini Machakos aulize dawa ya minyoo ya mbuzi inayonyweshwa kwa mdomo. Wafugaji huiita "drench". Mtoto aliyemshikilia mbuzi pembe huku babake akimnywesha dawa hiyo amelielewa neno hilo kwa maana yake ya asili, maana ambayo wengi wa London hawaijui.

Fundi wa pancha

Kiswahili kimekopa mamia ya maneno ya Kiingereza na kuyavisha nguo zetu: kabati, breki, bafu, skrubu, marikiti. Kikamba nacho kimekopa. Kitabu huitwa "ĩvuku" na shule huitwa "sukulu". Mara nyingi mtoto anapoambiwa ajifunze neno jipya, tayari analo. Kabati ni "cupboard", na ukilipasua vipande viwili utaona kikombe na ubao: ubao wa kuwekea vikombe.

Nenda sasa kwa fundi wa pancha aliye kando ya barabara. Pancha ni "puncture". Neno hilo lilitoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchoma kwa ncha. Tairi limechomwa. Katika kitenzi hicho hicho kumetoka "point", yaani ncha yenyewe. Kumetoka "punctuation", zile nukta na mikato tunazochomeka katika sentensi. Kumetoka "punctual", mtu anayefika kwenye nukta ya saa. Kumetoka "appointment", miadi iliyowekewa nukta yake, na "disappoint", ambalo kwanza lilimaanisha kumwondoa mtu katika nafasi aliyopangiwa, kabla ya kumaanisha kumvunja moyo. Kumetoka pia "pungent", sifa ya harufu inayochoma pua, kama ile ya gundi ya fundi wetu. Hayo ni maneno saba, na mwanafunzi alikuja shuleni akiwa na moja tayari.

Mfano mwingine umo mwilini mwa mwanafunzi: shati na skati. "Shirt" na "skirt" ni mapacha. La kwanza ni la Waingereza wa kale, la pili lililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kulowea Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Yote mawili yalimaanisha vazi fupi, na neno "short" ni ndugu yao. Kwa hivyo sare ya shule ya mvulana na msichana ni neno moja lililopita njia mbili. Mtoto akishaonyeshwa kwamba mwanzo wa "sk" aghalabu ni alama ya wale wageni wa kaskazini, ataanza mwenyewe kuyakusanya: "sky", "skin", "skill".

Si kila kinachofanana ni ndugu, na hapa mwalimu awe mwangalifu. Huko Athi River, kwenye eneo la viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuzwa nje, eneo lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1990, neno "export" limeandikwa kwenye vibao kila upande. Ndani yake mna Kilatini cha kubeba: "export" ni kubeba kupeleka nje, "import" kubeba kuleta ndani, "transport" kubeba kuvusha, "porter" mbebaji, "portable" kinachobebeka. Mwanafunzi mwerevu ataongeza "airport". Hapana. Hiyo imetokana na bandari, neno jingine la Kilatini, ingawa yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Vivyo hivyo "kata" na "cut": maana ni moja, sauti zinakaribiana, lakini hazina undugu wowote. "Kata" ni Kibantu cha tangu enzi. "Bei" na "buy" pia ni watu baki, kwa kuwa "bei" ni ya Kiarabu. Wanafunzi hupenda sana kuambiwa kwamba wamedanganywa na sura. Basi nusu ya mchezo iwe kuwinda undugu, na nusu nyingine kuukana.

Binamu waliopotezana

Kuna undugu mwingine ambao huwashangaza wengi, na umetokana na Kiarabu. Wakulima wa Kangundo na Matungulu wamepanda kahawa kwa miongo mingi. "Kahawa" na "coffee" zote ni za Kiarabu. Moja ilifika pwani yetu moja kwa moja, nyingine ilizunguka kupitia kwa Waturuki na masoko ya Ulaya. "Sukari" na "sugar" zimetoka chungu kimoja. "Limau" na "lemon" kadhalika. "Sharubati" ina binamu aitwaye "sherbet". "Taarifa" inayosomwa redioni kila jioni ina jamaa aitwaye "tariff", kwani ushuru wa forodha ulianza kwa kutangaziwa wafanyabiashara. Na "sifuri", ile alama ambayo hakuna mwanafunzi anayeitaka, imezaa kwa Kiingereza maneno mawili, "zero" na "cipher".

Si kukopa tu, tumekopesha pia. "Safari" iliingia Kiingereza katika karne ya 19 na sasa ni ya dunia nzima. Mchezo wa kupanga na kuchomoa vipande vya mbao uitwao Jenga ulizinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, na jina lake ni kitenzi chetu "kujenga". Mwaka 2022 wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford waliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, miongoni mwayo "nyama choma", "sambaza" na "come-we-stay", na hata "tarmac" kwa maana ya kutembea barabarani ukitafuta kazi. Msomaji yeyote mwenye kijana aliyemaliza chuo hahitaji kufafanuliwa neno hilo la mwisho.

Kwa kuwa tumetaja nyama, kuna kisa ambacho hakikosi kuchangamsha darasa. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe, na nyama yake ni nyama ya ng'ombe. Kwa nini Kiingereza kiwe na "cow" shambani na "beef" mezani, "sheep" malishoni na "mutton" jikoni, "pig" zizini na "pork" sahanini? Mwaka 1066 Wanormani waliosema Kifaransa waliiteka Uingereza. Inasimuliwa kwamba Mwingereza mnyonge alichunga mnyama na kumwita kwa lugha yake, na bwana Mfaransa akamla na kumwita kwa lugha yake. Kisa hicho kilienezwa na riwaya ya Walter Scott, Ivanhoe, ya mwaka 1819, na wanahistoria wa lugha husema kimenyooshwa kupita kiasi, maana kwa karne kadhaa "mutton" iliweza pia kumaanisha kondoo aliye hai. Hata hivyo asili ya maneno ni hiyo. Uliza darasa swali hili: je, nyama ya mbuzi? Kiingereza cha kila siku hakina neno la pekee. Ukambani, penye sifa ya mbuzi, wanafunzi huona hilo kuwa upungufu mkubwa wa lugha ya Malkia.

Kuhusu matamshi, ambayo ndiyo chimbuko la kicheko cha darasani, nitasema kwa ufupi. Mtoto wa Kikamba amenyimwa r, lakini amepewa mengine. Sauti ya kwanza ya "this" na "that", ambayo humtoa jasho Mfaransa na Mjerumani, huyu anaitamka kila siku anapotaja Kathiani, Muthetheni au Mto Athi. Kiswahili kina irabu tano, Kikamba kina saba, na tena hutofautisha irabu ndefu na fupi. Kwa hivyo sikio lake limeshazoea tofauti ndogondogo za irabu, na likielekezwa vizuri litazitenga "ship" na "sheep" mapema kuliko sikio la mzaliwa wa pwani. Aanze kusifiwa kwa hayo. Baadaye jozi za "rice" na "lice", "right" na "light", "road" na "load" zifanywe mchezo wa kadi zenye picha, ambapo kila mmoja anatamka na mwenzake anainua kadi aliyoisikia. Anayecheka bila kuinua kadi ametoka.

Kwata ndai

Michezo mingine ya maneno inauzwa madukani kwa bei ambayo shule nyingi haziwezi. Haina haja ya kununuliwa. Mmarekani Alfred Butts, alipokuwa akibuni mchezo uliokuja kuuzwa kwa jina la Scrabble mwaka 1948, alihesabu herufi katika ukurasa wa kwanza wa gazeti ili ajue kila moja hutokea mara ngapi. Ndiyo maana vipande 12 kati ya 100 ni vya herufi E, na Q ni kimoja tu chenye alama 10. Wanafunzi wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa gazeti lililofungiwa sabuni: wahesabu herufi za aya moja ya Kiingereza na aya moja ya Kiswahili. Katika Kiingereza E itaongoza. Katika Kiswahili, A. Kisha wakate kartoni, waandike herufi zao na kucheza.

Chemshabongo la maneno ya kukatizana nalo lilizaliwa gazetini: Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alilichapisha la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Kulijaza kunafaa. Kulitunga kunafaa zaidi, kwa kuwa mtungaji hulazimika kulieleza neno kwa maneno mengine, na hapo ndipo hujulikana kama amelielewa au amelikariri.

Lakini mchezo bora wa msamiati tulikuwa nao kabla ya shule ya kwanza kujengwa. Jioni, mtegaji husema kwa Kikamba, "Kwata ndai!" Wenzake hujibu, "Nakwata!" Watumiaji wa Kiswahili husema, "Kitendawili!" na kujibiwa, "Tega!" Fumbo na litegwe kwa lugha yoyote, ila jibu liwe la Kiingereza, na anayejibu ataje na ndugu mmoja wa neno hilo. Kwa mfano: nimejaa mizigo stendi nzima lakini hakuna hata mmoja ulio wangu, mimi ni nani? "Porter", na nduguye ni "portable". Au: nimemgusa kidogo tu kwa ncha, gari zima limelala. "Puncture", na nduguye ni "point". Anayeshindwa hutoa mji, kama ilivyo desturi, na mji uwe wa kaunti yao: Masii, Tala, Yatta, Matuu. Mtegaji akikataa mji mmoja aombe mwingine, hata jiografia itafaidika.

Limebaki tatizo la kusahau. Mwanahabari wa Kijerumani, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 njia ya sanduku ambayo ningependa kuiona katika kila nyumba yenye mwanafunzi. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano. Kata kadi ndogo kutoka kwenye makasha makuukuu. Upande mmoja andika neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili au Kikamba, ndugu zake wawili, na sentensi uliyoitunga wewe mwenyewe. Kadi zote zianzie chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukilipata neno, kadi inasonga chumba cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili au tatu, ukilipata tena, chumba cha tatu, kinachopitiwa kila wiki, na kuendelea. Ukilikosa, popote lilipofika, linarudi chumba cha kwanza. Kadi tano mpya kwa siku zinatosha, na mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kumsimamia mtoto, maana maana ya neno imeandikwa kwa lugha aijuayo.

Kamusi ya kuanzia ichaguliwe kwa uangalifu. Ile kubwa iliyotungwa kwa ajili ya Waingereza humrusha mtoto kutoka neno gumu hadi gumu zaidi. Afadhali ya wanaojifunza, mfano wa ile ya A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Kiingereza Japani, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1942 na kutolewa na Oxford mwaka 1948. Matoleo yake ya siku hizi hufafanua maneno magumu kwa maneno machache mepesi yaliyoteuliwa. Nakala iliyotumika hupatikana kwa wauzaji wa vitabu vya mkono wa pili. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za herufi S na uhakikishe hazijachanwa, kwa kuwa katika Kiingereza herufi hiyo ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote.